Asiyekuwepo na Lake Halipo: Mjumbe wa LGBT Katika Mkutano Mkuu wa Chama

Hotuba hii ilitolewa mwaka 2025 mbele ya mkusanyiko wa wazungumzaji wa Kiswahili mjini Brooklyn Park, Minnesota. Imewekwa hapa kamili kwa ajili ya walioshindwa kufika.

Wazee wangu, mama zangu, dada na kaka zangu, na ninyi vijana mliokaa nyuma kabisa karibu na mlango, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie safari ya mjumbe wa LGBT, yaani wasagaji, mashoga, wanaopenda jinsia zote mbili na waliobadili jinsia, katika mkutano mkuu wa chama cha siasa, na nadhani walioniomba walitarajia niwasimulie Chicago: taa, maputo, bendera na watu maarufu. Chicago nitaisimulia, lakini si kwa kirefu, kwa sababu ukumbi wa United Center, chama changu cha Democratic kilikofanyia mkutano wake mkuu, mliuona kwenye televisheni mwezi Agosti 2024, na aliyekuwa nyumbani aliliona jukwaa vizuri kuliko mimi niliyekuwa ndani. Ninachotaka kuwaeleza ni kile ambacho kamera hazikukionyesha: namna mtu kama mimi, mwanamke wa Likoni, Mombasa, ninayependa wanawake, raia wa Marekani wa kuandikishwa wala si wa kuzaliwa, anavyokifikia kiti kile, na kiti chenyewe kina kazi gani.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Nakubaliana nao. Ila baada ya kuketi ndani ya ukumbi ule ningethubutu kuwaongezea wahenga maneno machache: hata aliyekuwepo, lake halipo kama halikuandikwa. Hayo ndiyo niliyokuja kuyasema leo, na yote yatakayofuata ni ushahidi wake.

Nianze na mwaka 1968. Chama cha Democratic kilikutana Chicago wakati vita vya Vietnam vimepamba moto. Barabarani polisi waliwapiga waandamanaji, na ndani ya ukumbi akateuliwa kugombea urais Hubert Humphrey, mtu wa hapahapa Minnesota, ambaye hakushindana katika kura ya mchujo ya jimbo hata moja. Wajumbe wengi wa wakati ule walikuwa watu wa wakubwa: meya ana wake, gavana ana wake, mwenyekiti wa chama anawaita rafiki zake. Hasira iliyofuata ilizaa tume iliyoongozwa kwanza na seneta George McGovern, kisha na Donald Fraser, mbunge wa Minneapolis ambaye baadaye alikuwa meya wa jiji hilo. Tume ile iliandika kanuni mpya. Mikutano ya kuchagua wajumbe itangazwe mapema, iwe wazi kwa kila mwanachama, na majimbo yahakikishe kwamba wanawake, vijana na watu wa jamii zilizobaguliwa wanapata nafasi.

Je, kanuni zile ziliwataja wapenzi wa jinsia moja? Hapana. Hakuna aliyewafikiria. Lakini zilipoondoa funguo mikononi mwa wakubwa, waliingia hata wale ambao hakuna aliyewaalika.

Mmoja wao alikuwa Jim Foster wa San Francisco, mwanamume aliyefukuzwa jeshini mwaka 1959 kwa sababu ya ushoga. Foster alielewa jambo ambalo wanaharakati wengi huchelewa kulielewa, kwamba mwanasiasa humkumbuka aliyemfanyia kazi ya kuchosha. Katika kura ya mchujo ya California ya mwaka 1972, mgombea aliyetangulia kuwasilisha sahihi za wapiga kura ndiye ambaye jina lake lingekaa juu kwenye karatasi ya kura. Foster na wenzake wa klabu yao ya kisiasa iitwayo Alice B. Toklas wakazunguka kwenye baa za mashoga usiku wa manane, wakikusanya sahihi za McGovern, aliyekuwa sasa anagombea urais, na jina la McGovern likakaa juu. Huko Buffalo, New York, mwanamke mmoja aitwaye Madeline Davis alichaguliwa kuwa mjumbe bila kuficha kwamba anapenda wanawake, na hakuna mwanamke aliyewahi kufanya hivyo kabla yake katika chama kikubwa cha nchi hii.

Mkutano ulifanyika Miami Beach mwezi Julai. Kanuni ziliruhusu wachache waliozidiwa ndani ya kamati ya ilani kuleta kipengele chao mbele ya mkutano wote, na hivyo ndivyo kipengele cha haki za mashoga na wasagaji kilivyofika jukwaani. Kilifika saa ngapi? Kilifika alfajiri ya Julai 12, kwenye saa kumi na moja, wakati Wamarekani wengi wamelala na wajumbe wenyewe wanasinzia vitini. Foster akasimama akasema kwamba hawakuja kuomba waeleweke wala kusihi wavumiliwe, bali wamekuja kudai haki ya kushiriki katika maisha ya nchi yao sawa na raia mwingine yeyote. Davis akasimama akasema kwamba yeye ni mwanamke na ni msagaji, mchache miongoni mwa wachache. Kisha mjumbe mmoja kutoka Ohio akapanda jukwaani kuwapinga, akadai kwamba kipengele kile kingehatarisha watoto. Watu wa McGovern, yuleyule aliyekusanyiwa sahihi usiku wa manane, hawakukitaka kipengele hicho kwa kuogopa kukosa kura. Kikakataliwa.

Ndugu zangu, mnaweza kuniuliza: sasa walipata nini? Walikesha, walitukanwa, na wakashindwa. Nami nitawajibu kwamba walipata mambo mawili. La kwanza, jambo lao liliingia katika kumbukumbu rasmi za chama, na lililoandikwa hudaiwa tena. La pili, walijua sasa kwamba ndani ya kitabu cha kanuni kuna njia, na kwamba njia hiyo inaweza kupitwa mara ya pili na mtu aliyejiandaa zaidi.

Aliyeipita mara ya pili ndiye ninayempenda kuliko wote katika historia hii, na nitakaa kwake kidogo. Jina lake ni Melvin Boozer. Alikuwa mtu mweusi, mwalimu wa sosholojia katika Chuo Kikuu cha Maryland, na rais wa Gay Activists Alliance ya Washington. Mwaka 1980 mkutano ulifanyika Madison Square Garden, New York. Rais Carter na Seneta Kennedy walikuwa wametoka kugombania vikali uteuzi wa urais, na chama hakikuwa na hamu hata kidogo ya kuwapa mashoga dakika za jukwaani. Basi Boozer na wenzake wakafanya nini? Walikwenda kwenye kanuni. Kanuni zilisema kwamba mtu akipata sahihi za kutosha za wajumbe anaweza kupendekezwa kugombea umakamu wa rais, na mtu aliyependekezwa ana haki ya kuhutubia. Hakuna aliyetarajia kwamba Boozer angekuwa makamu wa rais, na yeye mwenyewe hakutarajia. Walichokitaka ni zile dakika. Wakazunguka ukumbini wakiomba sahihi, mjumbe kwa mjumbe, jimbo kwa jimbo, wakazipata.

Hivyo Agosti 14, 1980, Boozer alipanda jukwaani kama mgombea halali. Akawaambia wasikilizaji kwamba huenda wakamuuliza anathubutuje kulinganisha mapambano ya haki za watu weusi na mapambano ya mashoga na wasagaji. Akasema yeye ameitwa tusi wanaloitwa watu weusi, na ameitwa tusi wanaloitwa mashoga, na tofauti iliyopo kati ya matusi hayo anaijua hadi ndani ya uboho wa mifupa yake, na tofauti hiyo anaweza kuieleza kwa neno moja: hakuna. Alipata kura 49 kabla Walter Mondale, Mminnesota mwingine, hajapitishwa kwa sauti moja. Mwaka huohuo ilani ya chama ikataja, kwa mara ya kwanza katika chama kikubwa cha Marekani, kwamba watu wasibaguliwe kwa mwelekeo wao wa kimapenzi. Miaka minane tu tangu ile alfajiri ya Miami Beach.

Boozer alifariki mwaka 1987 kwa UKIMWI. Ninapowasikia vijana wakisema kwamba kanuni ni mambo ya wazee wanaopenda vikao, namfikiria yeye.

Sasa, kuwapo jukwaani peke yake kunatosha? Twende upande wa pili, maana wapenzi wa jinsia moja wako pia katika chama cha Republican, na kuwafanya hawapo ni uongo. Mwaka 2000, Philadelphia, Jim Kolbe, mbunge wa Arizona ambaye nchi nzima ilijua ni shoga, alipewa nafasi ya kuzungumza. Alizungumzia biashara ya kimataifa. Hakusema neno hata moja kuhusu maisha yake. Hata hivyo baadhi ya wajumbe wa Texas walivua kofia zao kubwa na kuinamisha vichwa kwa sala alipokuwa akizungumza, kana kwamba kuna msiba. Miaka 16 baadaye, Cleveland, tajiri Peter Thiel alisimama katika mkutano wa chama hichohicho akasema kwamba anajivunia kuwa shoga na anajivunia kuwa Republican, na ukumbi ukamshangilia kwa nguvu. Mtu angesema: tazama, mambo yamebadilika. Lakini katika wiki ileile ilani ya chama hicho ilipitishwa ikiwa inapinga hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 2015 iliyoruhusu ndoa za jinsia moja. Makofi yalikuwa ya Thiel, na maandishi yalikuwa ya waliokaa kwenye kamati.

Mfano wa upande wetu ninyi mmeuishi hapahapa. Mei 2012 Rais Obama alitamka hadharani kwamba anaunga mkono ndoa za jinsia moja. Wengi wanakumbuka tamko hilo. Wachache wanakumbuka kwamba mwishoni mwa Julai mwaka ule kamati ya kuandika rasimu ya ilani ilikutana Minneapolis, na humo, Barney Frank, mbunge wa Massachusetts aliyejulikana kuwa shoga, akiwa mmoja wa wanakamati, wakakubaliana kuandika kwamba chama kinaunga mkono haki hiyo. Charlotte, mwezi Septemba, mkutano mkuu ulipitisha tu kilichokwisha kukubaliwa. Novemba wapiga kura wa Minnesota wakakataa kuifunga ndoa ndani ya katiba ya jimbo, na mwezi Mei 2013 Gavana Mark Dayton akatia sahihi sheria ya kuiruhusu. Wangapi kati yenu mlikuwa mnaishi hapa wakati huo? Naona mikono mingi. Na wangapi mlijua kwamba sentensi ile iliandikwa mjini kwetu? Naona mikono miwili, na mmoja ni wa mwenyeji wangu niliyemwambia jana.

Basi tuseme mmekubali kwamba kiti kina thamani pale tu kinapotumika. Mtu anakipataje? Hapa nitatumia muda, kwa sababu jimbo letu lina utaratibu ambao watu wa majimbo mengine hutushangaa.

Unaanzia katika mkutano wa mtaa, jioni moja ya Februari, saa moja usiku, mara nyingi katika darasa la shule ambalo viti vyake ni vya watoto na magoti yanakufika kidevuni. Nje kuna theluji. Ndani kuna majirani kumi, pengine ishirini, na mwenyekiti ambaye hajalala vizuri. Katika mkutano huo mambo mawili hufanyika. Mnachagua wa kuwawakilisha katika mkutano wa wilaya ya seneti ya jimbo, na yeyote anaweza kujaza karatasi ya azimio, akalisoma, likapigiwa kura, na likikubaliwa likapanda ngazi kuelekea ilani ya chama cha jimbo, ambacho hapa kwetu kinaitwa DFL. Ndiyo, yeyote. Hakuna anayekuuliza ulisoma wapi, na lafudhi yako haikuzuii kujaza karatasi.

Kisha unakuja mkutano wa wilaya ya seneti, na huko ndiko kwenye vikundi vya kutembea. Tuseme ukumbini mko watu 120, na wanaotakiwa kwenda ngazi ya juu ni 12. Hesabu ni rahisi: kila watu kumi wana mjumbe mmoja. Mtu anasimama, anatangaza jina la kikundi chake na jambo linalokiunganisha, anakwenda kusimama kwenye kona na bango lake, na wanaokubaliana naye wanamfuata kwa miguu. Baada ya muda kengele inalia na vichwa vinahesabiwa. Kikundi kisichofika kumi kinavunjwa, na watu wake lazima wahamie kwingine au wakubaliane na wenzao kuungana. Hapo ndipo siasa yenyewe ilipo. Si kwenye televisheni. Iko pale, kwenye ukumbi wa mazoezi wa shule ya sekondari, watu wazima wakikimbizana na mabango ya karatasi.

Mimi nilitangaza kikundi cha walezi wa wagonjwa, wahamiaji na watu wa LGBT. Ndiyo, vyote vitatu kwenye bango moja, kwa sababu vyote vitatu ni mimi: nawalea wazee wa watu wengine kwa mshahara, nilikuja na sanduku moja, na mnajua la tatu. Walikuja wauguzi wasaidizi kutoka Liberia, wakaja vijana wawili waliokuwa na rangi za upinde wa mvua kwenye makoti yao, akaja mwalimu mstaafu. Kisha kengele ikakaribia, na tulikuwa tunapungukiwa na mtu mmoja. Pembeni alikuwa amesimama mzee wa Kikenya ambaye tunafahamiana kanisani, mtu wa heshima, na hakuwa na kikundi. Nikamwendea. Nikamwamkia. Akalitazama bango kwa muda, akasema: "Mwanangu, hilo la mishahara ya walezi nalijua, mke wangu ameumia mgongo kwa kazi hiyo. Hilo la tatu sitaki kulijua. Lakini mkipungua mmoja mnavunjwa, basi niandikeni." Nikamwambia, "Ahsante, baba." Akaja akasimama nyuma ya bango, akageuza uso kidogo ili asilisome.

Nawaambieni, nimesikia hotuba nyingi kuhusu umoja, na baadhi yake nilizisikia Chicago kutoka kwa watu wakubwa sana. Hakuna iliyonifikisha mbele kwa hatua moja. Mzee yule alinifikisha. Hakubadili imani yake, wala mimi sikumtaka aibadili pale ukumbini. Alihesabu, akaona haki ya mkewe na yangu zimekaa kwenye bango moja, akafanya uamuzi wa kisiasa kama mtu mzima. Baadaye katika mkutano wa wilaya ya bunge la Congress, wanakochaguliwa baadhi ya wajumbe wa kitaifa, ni yeye aliyewapigia simu wazee wenzake.

Kabla ya ngazi hiyo kuna fomu ya kugombea, na ndani ya fomu kuna kisanduku cha kuonyesha kwamba wewe ni LGBT. Chama cha kitaifa kinalitaka kila jimbo liandike mpango wa kuchagua wajumbe, wenye malengo ya idadi kwa makundi kadhaa, na watu wa LGBT wamo. Ni malengo, si mgawo wa lazima. Wajumbe hugawanywa sawa kati ya wanawake na wanaume, na tangu kanuni za mwaka 2020 mtu asiyejitambulisha kama mwanamke wala mwanamume hahesabiwi kwa nguvu upande wowote. Kujaza kisanduku ni hiari. Lakini usipokijaza, katika hesabu ya chama haupo.

Kwa Mmarekani aliyezaliwa Minneapolis kile ni kisanduku tu. Kwetu sisi sivyo. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya bado kinaweka kifungo cha hadi miaka 14 kwa mapenzi ya jinsia moja, na Mei 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kukifuta. Uganda imepitisha sheria ya mwaka 2023 ambayo ndani yake kuna kifungo cha maisha, na hata hukumu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Mama yangu yuko Likoni. Majina ya wajumbe hutangazwa, picha husambaa, na simu za Mombasa zina kasi kuliko za hapa. Ndiyo maana sitamwambia kijana yeyote humu ndani kwamba ni lazima ajitangaze. Nitamwambia afanye mambo kwa mpangilio. Zungumza kwanza na mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini, kabla gazeti halijazungumza naye. Waulize watu wa chama majina yatatangazwa lini na wapi. Uliza picha ipi itatumika. Na ukifika ukumbini, jua kwamba kamera huwatafuta walioketi kando ya njia na waliovaa kofia za ajabu, na mwaka 2024 sisi wa Minnesota tulivaa kofia za mabaka kama wawindaji, kwa hiyo msishangae mliponiona.

Mama yangu? Nilimpigia mimi mwenyewe kabla hajapigiwa na mtu. Aliyoniambia ni yetu wawili.

Haya, Chicago. Mjumbe anajilipia nauli na hoteli, kwa hiyo kabla ya kwenda unachangisha, na hapa nawashukuru tena walionichangia, hasa akina mama wa biriani. Asubuhi majimbo hukutana kwa kifungua kinywa na kugawiwa vibali vya siku hiyo. Mchana makundi hukutana McCormick Place, likiwamo kundi la LGBTQ, na hapo kuna mazungumzo mazuri kuliko ya usiku. Usiku ni United Center. Gavana wetu Tim Walz alikubali uteuzi wa umakamu wa rais siku ya Jumatano, naye ni yule ambaye mwaka 1999, akiwa mwalimu Mankato, alikubali kuwa mlezi wa klabu ya wanafunzi mashoga na rafiki zao. Kwa wajumbe wa jimbo letu ilikuwa furaha kubwa, na sitajifanya sikulia.

Lakini tazameni kazi yenyewe. Kura ya kumteua Kamala Harris tulikwisha kuipiga kwa kompyuta tukiwa nyumbani, na ilikamilika Agosti 5, wiki mbili kabla ya mkutano. Kule kuita majimbo kwa muziki mlikokuona kulikuwa sherehe. Na ilani? Ilipitishwa Jumatatu, Agosti 19, kwa sauti: wanaokubali waseme ndiyo. Ilikuwa ndefu mno, na kwa kuwa iliandikwa kabla Rais Biden hajajiondoa Julai 21, bado ilikuwa ikizungumzia muhula wake wa pili. Nawauliza, ningeweza kubadili hata nukta moja nikiwa nimekaa kwenye kiti kile? Nafasi ya kubadili ilikuwa Julai, ndani ya kamati. Kila jimbo hupeleka watu katika kamati tatu, ya ilani, ya kanuni, na ya uhakiki wa wajumbe. Watu hugombania kiti cha ukumbini kwa sababu kina picha, na kamati hizi huachiwa wenye uzoefu. Mimi ningewaomba vijana wetu wa LGBT wagombanie kamati kwanza.

Kuna jambo moja ambalo niliambiwa nisilitaje leo, nami nitalitaja. Jimbo letu lilipeleka pia wajumbe 11 ambao hawakujifunga kwa mgombea yeyote, waliochaguliwa na wapiga kura waliochukizwa na vita vya Gaza. Walikuwa wajumbe halali kama mimi, walipita ngazi zilezile. Wenzao wa harakati hiyo kutoka majimbo mengine na wao waliomba kitu kimoja, Mmarekani mmoja mwenye asili ya Palestina apewe dakika chache jukwaani. Walikataliwa, na baadhi yao wakalala nje ya United Center usiku wa Jumatano. Baadhi yetu wa LGBT tulitoka kuketi nao. Mtu aliniuliza kwa hasira jambo hilo linatuhusu nini. Linatuhusu hivi: mwaka 1972 watu wetu walipewa alfajiri, na tukailalamikia kwa miaka 50. Hawa hawakupewa hata hiyo alfajiri. Chama kilichojifunza kutengeneza mkutano mzuri wa televisheni kimejifunza pia kufunga zile njia ambazo Foster na Boozer walipitia, na siku moja atakayezihitaji anaweza kuwa mwanamke aliyebadili jinsia, ambaye washauri wa chama wataona anapoteza kura. Mwaka 2016 Sarah McBride alikuwa mtu wa kwanza aliyebadili jinsia kuhutubia mkutano mkuu wa chama kikubwa, na leo ni mbunge wa Delaware katika Congress. Tangu tuliposhindwa uchaguzi wa Novemba 2024 nimekwisha kuwasikia watu wa chama changu wakinong'ona kwamba watu kama yeye wanyamaze kidogo. Wanaonong'ona hivyo huenda kwenye kamati, na huenda mapema.

Kwa hiyo nimalizie na ya kufanya. Mikutano ya mitaa ni Jumanne, Februari 3, 2026, saa moja usiku. Sheria ya Minnesota inampa mfanyakazi haki ya kuondoka kazini kwenda kwenye mkutano huo, bila mshahara wa saa hizo, mradi amwandikie mwajiri barua siku kumi kabla. Barua hiyo tumekwisha kuiandika kwa Kiingereza, iko mezani, jazeni jina na tarehe. Msiseme mambo haya si ya watu wetu: Huldah Momanyi Hiltsley, aliyezaliwa Kenya, alichaguliwa Novemba 2024 kuingia Bunge la Wawakilishi la jimbo hili.

Pembeni ya barua kuna karatasi za maazimio. Tumeandaa rasimu mbili, moja ya mishahara ya walezi na moja ya ulinzi wa wanafunzi wa LGBT mashuleni. Mzee niliyewasimulia yuko hapa leo, ameomba nisimtaje jina, na ameniambia atalisoma lile la walezi katika mtaa wake. Hilo la pili linatafuta wasomaji. Andikeni mtaa mnaoishi na namba ya posta, nasi tutawatafutia shule mtakayokutania kabla ya Krismasi. Kama huna gari, andika hivyo pia, maana Februari si mwezi wa kusubiri basi. Sasa nipo tayari kwa maswali, na nitaanza na vijana wa mlangoni kabla hawajaondoka.